Batri chini ya kitanda



Leo ukurasa wetu wa usalama na afya unazungumza juu ya kitu ambacho nyumba nyingi zinacho: batri ya motokari. Zamani batri ilikaa ndani ya motokari tu. Siku hizi, umeme ukikatika, batri ndiyo inayowasha taa, inayofungua televisheni, inayotia simu nguvu. Wengine wanaiunga na bamba la jua juu ya nyumba. Wengine wanangoja umeme urudi usiku ili waichaji. Wengine wanaibeba mpaka kwa fundi wa kuchaji kando ya barabara. Hilo si jambo baya. Mtoto akisoma masomo yake kwa taa ya batri ni heri kuliko kuvuta moshi wa koroboi. Lakini batri ina sheria zake, na mtu anayezidharau anaweza kulipa kwa macho yake.

Yaliyompata mwenzetu

Sitataja jina lake wala kambi yake, kwa sababu si yeye peke yake aliyekosa. Ni mtumishi mwenye miaka mingi ya kazi, fundi wa atelie, mtu anayesifiwa na mashefu wake. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Uliporudi jioni, alifurahi kama sisi sote, akachaji batri yake. Kwa kuogopa wezi hakuiacha barazani. Aliiweka katika sanduku la mbao, akafunika kifuniko, akasukuma sanduku chini ya kitanda, akalala.

Usiku wa manane akasikia batri inachemka, kama sufuria ya maji. Akainama, akavuta sanduku, akafungua kifuniko. Chumba kilikuwa giza, kwani hakutaka kumwamsha mtoto. Basi akawasha kibiriti aangalie kama maji yamepungua.

Jirani zake walidhani ni bunduki. Batri ilipasuka, na asidi yote ikamrukia usoni, shingoni na kifuani.

Waliponiletea mgonjwa huyu katika dispanseri, nguo zake zilikuwa zimelowa maji toka kichwani mpaka miguuni. Mke wake ndiye aliyefanya hivyo. Alimvuta mpaka uani, akamlaza, akachukua bidoni la maji ya kunywa, akamwagia machoni bila kusimama. Bidoni moja likaisha, akaita watoto walete lingine. Jirani mmoja akaja na mafuta ya mawese, akasema: «Mama, weka hii, itapoza.» Mama akakataa. Nilipomwuliza alijuaje, akanijibu: «Muganga, bwana yangu mwenyewe alinielezaga. Kule kazini kwao, pale wanapochaji mabatri, kuna robine ya maji. Wameandika: asidi ikikuingia, maji kwanza.»

Mwenzetu amerudi kazini baada ya majuma mengi. Jicho moja linaona vizuri. La pili linaona kama kwa ukungu. Mganga wa macho alisema kwamba bila yale maji ya usiku ule angepoteza yote mawili.

Nataka tufikiri juu ya neno la yule mama. Bwana wake alizijua sheria zote za batri. Kule kazini alizifuata kila siku. Lakini sheria hizo aliziacha getini, pamoja na kofia na miwani yake. Batri lakini haijui kama iko kazini au iko nyumbani. Inafanya kazi yake ileile.

Batri ni nini?

Batri ya motokari ya volti 12 ina vyumba vidogo 6. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya madini ya risasi, yaani plombo, nayo yamezama katika maji yenye asidi ya sulfuriki. Ndiyo asidi ileile inayojulikana na watu wa viwanda vya Likasi na Kolwezi, inayotumika kutoa shaba katika mawe. Batri ikijaa nguvu, zaidi ya theluthi ya uzito wa maji yale ni asidi. Kama asidi inaweza kuyashinda mawe, macho ya mtu yataiweza namna gani?

Batri inapochajiwa, mwanzoni umeme unaingia kimya. Inapokaribia kujaa, yaani volti zikifika 14 na kitu, umeme unaozidi hauna tena kazi nyingine ila kuyapasua maji. Hapo ndipo tunasikia mchemko. Si moto unaochemsha. Ni gazi mbili zinazotoka katika maji: hidrojeni na oksijeni.

Hidrojeni haina rangi, haina harufu, wala haikohozeshi mtu. Ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, kwa hiyo inapanda juu. Inatosha hewa iwe na sehemu 4 za hidrojeni kwa sehemu 100, nayo iko tayari kulipuka. Haihitaji moto mkubwa. Kibiriti, sigara, mbabula yenye makala, cheche ya waya, hata cheche ndogo ya blanketi la nailoni, yote yanatosha.

Tupige hesabu kidogo. Batri iliyokwisha kujaa, ikiendelea kusukumwa na ampea 5, inatoa karibu litri 12 za hidrojeni kwa saa moja. Sanduku lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40 linabeba litri 120 za hewa. Litri 5 za hidrojeni zinatosha kuligeuza kuwa bomu. Maana yake, nusu ya saa haitapita.

Chumba kizima kinahitaji muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu watu wengi wanachaji batri ndani ya nyumba mwezi baada ya mwezi bila kuona kitu, wakisema: «Mimi nimezoea.» Lakini hatari kubwa haikai katikati ya chumba. Inakaa juu ya batri yenyewe, ndani ya vyumba vyake vidogo, ndani ya sanduku, ndani ya kabati, chini ya kitanda. Tena mtu anayeangalia maji ya batri anaweka uso wake palepale.

Kazini namna gani?

Wazee wetu waliofanya kazi chini ya ardhi wanakumbuka nyumba ya taa. Kila mchimbaji alivaa batri yake kiunoni, na mwisho wa zamu aliirudisha ichajiwe. Nyumba ile haikuwa chumba cha kulala. Ilikuwa na matundu makubwa ya hewa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuta sigara mle. Hata leo, kwenye atelie nzuri inayochaji batri za mashini, utaona mambo manne: hewa inapita, moto umekatazwa, mtu amevaa miwani na glavu, na maji yako karibu.

Mambo hayo manne hayahitaji pesa nyingi. Kila lupango linaweza kuyapata.

Jinsi ya kuchaji bila hatari

1. Chagua mahali. Chaji nje, barazani au chini ya kibanda, penye kivuli na pasipo mvua. Kama unaogopa wezi, chaji mchana wakati watu wako macho, au tengeneza kizimba cha vyuma vilivyo wazi pande zote na juu. Usitumie sanduku lililofungwa. Jikoni hapafai kwa sababu ya mbabula. Chumba cha kulala hakifai hata kidogo.

2. Ondoa moto na watoto. Hakuna kuvuta sigara karibu. Kuangalia maji ya batri, tumia mwangaza wa mchana au tochi, iwashe kabla hujakaribia. Kibiriti na mshumaa kamwe.

3. Jikinge. Vaa miwani ya usalama na glavu za mpira. Vua pete na saa ya chuma. Ufunguo wa chuma ukigusa vichwa viwili vya batri kwa mara moja, umeme mwingi mno unapita, na pete inaweza kuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi kidoleni mwako.

4. Fuata mpango wa waya. Kwanza chaja isiwe na umeme. Unga waya wa kujumlisha (+) kwenye kichwa cha kujumlisha, na wa kutoa (−) kwenye kichwa cha kutoa. Ndipo utie chaja katika prizi. Ukimaliza, toa kwanza prizi, ngoja gazi ipungue, kisha ondoa waya. Mtu anayeng'oa waya wakati umeme unapita anatengeneza cheche juu ya hidrojeni.

5. Usiharakishe. Batri inapenda kuchajiwa polepole. Chukua sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: batri ya 60 ichajiwe kwa ampea 6 hivi, ile ya 100 kwa ampea 10. Ikiwa ilikwisha kabisa, itachukua saa kumi au zaidi. Chaja nzuri inapunguza umeme yenyewe batri ikijaa. Chaja ya zamani haijui kuacha. Ukiwa na ya namna hiyo, usilale usingizi.

6. Jihadhari na chaja za kujitengenezea. Wako mafundi wanaouza kifaa chenye balbu na kijidude kimoja tu, bila transfoma. Chaja hiyo inaleta umeme wa prizi, volti 220, mpaka juu ya vichwa vya batri. Mtoto akigusa kichwa cha batri huku amesimama pekupeku katika udongo wenye maji, anaweza kufa. Chaja ya namna hiyo usinunue, na kama unayo, iondoe nyumbani.

7. Maji ya batri. Batri ikichaji inapoteza maji, siyo asidi. Kwa hiyo ongeza maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya robine au ya kisima yanaharibu mabamba. Kuongeza asidi ni kosa kubwa zaidi. Kabla ya kuchaji, hakikisha kwamba mabamba yamefunikwa na maji, lakini usijaze mpaka juu, kwani maji yanapanda wakati wa kuchaji na asidi itamwagika. Batri zilizofungwa kabisa usizitoboe.

8. Kila batri na chaja yake. Siku hizi kuna batri za lithiamu zinazokuja pamoja na mabamba ya jua. Batri hizo hazichajiwi kwa chaja ya batri ya risasi. Zinaweza kuwaka moto usiozimika upesi.

Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza

Batri iliyochajiwa kupita kiasi, au iliyozeeka, inaweza kutoa gazi nyingine yenye harufu ya mayai yaliyooza. Gazi hiyo ni sumu. Tena ina ujanja: ikizidi, pua inachoka, na mtu anafikiri imekwisha. Mara nyingi batri ya namna hiyo imepata joto kali na imevimba mbavu zake.

Usiiguse, usiisogeze. Zima umeme kutoka mbali, kwenye kikatio kikubwa cha nyumba ikiwezekana. Toa watu wote nje, acha milango na madirisha wazi, ngoja batri ipoe kabisa. Batri hiyo haichajiwi tena.

Neno moja kwa wanaochaji kwa jenereta: jenereta isiingie ndani ya nyumba, wala isikae chini ya dirisha. Moshi wake una gazi ileile inayoua watu waliolala na mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa. Mtu hasikii kitu, analala tu, haamki.

Njiani na katika lupango

Tunaona kila siku mama au kijana amebeba batri kichwani akienda kwa fundi wa kuchaji. Mama zetu, tafadhali acheni desturi hiyo. Kifuniko kikilegea, asidi inashuka usoni. Mtu akijikwaa, ni mbaya zaidi. Batri ibebwe chini, imesimama, katika beseni la plastiki, juu ya kigari au baiskeli, imefungwa vizuri.

Mama wanaofua nguo wanajua dalili hii: suruali ilikuwa nzima, baada ya kufuliwa inaonyesha matundu madogo. Ni matone ya asidi. Kama kitambaa kimekuwa hivyo, ngozi ya mtoto anayecheza mahali palepale itakuwaje?

Asidi isiwekwe kamwe katika chupa ya bia, ya limonadi au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haulizi. Iwe katika chombo chake, kimeandikwa, kimefungwa mahali pa juu. Na kama asidi imemwagika chini, mwagia majivu ya kuni au bikarbonati mpaka iache kutoa mapovu, kisha osha kwa maji mengi.

Batri iliyokufa nayo ni hatari. Wako watu wanaoipasua katika lupango ili wayeyushe risasi, watengeneze vizito vya nyavu au waiuze. Vumbi na moshi wa risasi vinaingia katika damu ya watoto, vinaharibu ubongo wao polepole. Huko Senegal, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Mahali pale watu walikuwa wakivunja batri za zamani na kuchekecha udongo wake watafute risasi. Karibu nasi zaidi, huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake limeendelea kuonekana katika damu ya watoto. Batri iliyokufa iuzwe nzima, bila kupasuliwa.

Ajali ikitokea

Jicho. Maji kwanza. Maji safi, mengi, yanayotiririka, kwa dakika 20 nzima. Fungua kope kwa vidole hata kama mgonjwa anakataa kwa uchungu. Elekeza maji yatoke upande wa pua kwenda nje, yasiingie katika jicho lingine. Usisugue. Usitie maziwa, asali, mafuta ya mawese, mkojo, dawa ya miti wala bikarbonati. Kisha mpeleke dispanseri au hospitali usiku uleule, hata kama anasema amepona. Usingoje asubuhi.

Ngozi. Vua upesi nguo zenye asidi, huku ukimwaga maji. Osha dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, uende kwa mganga.

Tumbo. Mtoto akinywa asidi, usimtapishe: ikirudi juu itamchoma koo mara ya pili. Asukutue kinywa kwa maji na kutema, kisha mkimbize hospitali, na chukua ile chupa pamoja nanyi.

Mlipuko. Zima kwanza umeme ndipo umguse mgonjwa. Halafu maji, kama tulivyosema.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuunga waya wa kwanza, weka bidoni la maji safi la litri 20 kando yako. Robine zetu hazina maji kila saa, na ajali haingoji maji yarudi. Lile bidoni ndiyo robine yako ya atelie.

Kwa kumaliza

Jioni ya leo, ukirudi nyumbani, fanya kazi moja tu kabla ya kula. Inama uangalie chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Ukikuta batri pale, toa umeme wake, itoe nje. Kisha mwite mke wako na watoto wakubwa, uwaeleze habari ya maji kwanza. Mwenzetu yule aliwahi kumweleza mke wake neno hilo siku moja, labda wakati wa kula, bila kufikiri kwamba ni macho yake mwenyewe yatakayoponywa nalo.

Sheria za usalama zisilale getini. Tuzibebe mpaka nyumbani.